Nyumba Isiyokinga Maji

Mtoto wangu alirudi kutoka shule na kazi ya kufanya pamoja na mzazi. Siku hizi shule zinatupa kazi sisi wazazi kana kwamba ni sisi tulioanguka mtihani. Safari hii ilikuwa karatasi yenye picha tatu: nyumba ya nyasi, nyumba ya matofali yenye mabati, na nyumba ya mawe yenye madirisha makubwa na gari mbele yake. Chini ya ile ya kwanza pameandikwa "ya muda". Chini ya ile ya pili, "nusu ya kudumu". Chini ya ile ya tatu, "ya kudumu". Mtoto alitakiwa kueleza watu walivyojenga zamani na wanavyojenga sasa, kisha achore nyumba ya susu wake. Susu ni nyanya, kwa Kikamba.

"Mama, susu anakaa kwa nyumba gani?"

Niliitazama ile karatasi, hasira ikanipanda mpaka nikainuka nikaenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Ai! Nimjibu nini? Mama yangu amekaa ndani ya picha zote tatu, na zote zilisimama katika boma moja, kule kwetu upande wa Zombe. Na ile ya tatu, hiyo wanayoiita ya kudumu, ndiyo iliyomtoa nje.

Basi nilimweleza mtoto kidogo, yale ambayo yanafaa masikio yake. Haya mengine nayaandika mwenyewe.

Nyumba ya nyasi niliikuta kwa nyanya yangu, mama ya baba. Ilikuwa ya mviringo, fito zimepindwa zikafungwa juu, nyasi zikashuka hadi karibu na ardhi, na mlango ulikuwa mfupi kiasi kwamba hata chifu aliingia ameinama. Ndani palikuwa na mafiga matatu, kitanda cha fito upande mmoja, na vitoto vya mbuzi upande wa pili. Nyanya alisema watu walikuja asubuhi, wanaume wakakata miti, wanawake wakabeba nyasi, na jioni moto ukawashwa ndani. Mchwa wakiila, inabomolewa, inajengwa nyingine. Hakuna aliyelia kwa sababu ya nyumba.

Lakini sitaki mtu aje kunipambia hiyo nyumba. Nililala humo. Kulikuwa na viroboto, moshi ulitutoa machozi kama watu wa matanga, na masizi yalitudondokea kwenye uji. Na nyanya mwenyewe hakuipenda kwa sababu moja kubwa: nyasi hazikingi maji. Mvua ikinyesha, maji yanashuka ya hudhurungi yamejaa taka, yanaingia ardhini, basi. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Unachimba shimo, unakaa kando yake, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mwanamke wa kwetu alikuwa anaumaliza ujana wake kando ya shimo.

Nyanya pia alinisimulia kuhusu kodi. Wakati wa wakoloni kila kibanda kilitozwa kodi, kwa hiyo watu wakajibana, wake wawili nyumba moja, na mama mkwe kwenye kona. Halafu ikaja misheni, zikaja shule, na nyumba zikaanza kuwa na pembe. Waliosoma walijenga za pembe nne, udongo na fito, ili wajulikane wamesoma. Kumbe hii tabia ya kujenga ili uonekane si ya jana.

Mama alipoolewa alianzia kwa nyanya, kisha akajengewa nyumba ya namna hiyo. Kuta za udongo, paa la nyasi, madirisha mawili madogo. Sisi sote tulizaliwa humo. Baba alikufa tukiwa bado tunasoma shule ya msingi, na mama akabaki na jembe lake na kanisa na wanawake wenzake wa mwethya.

Mwethya, kwa asiyejua, ni watu kukusanyika kusaidiana kazi. Leo kwako, kesho kwangu. Wanawake wa kwetu walichimba mabwawa kwa mwethya, wakakata matuta ya kuzuia udongo kwa mwethya, na mwaka mmoja wakaamua wataezeka nyumba zao kwa mabati kwa njia hiyo hiyo. Kila zamu ya mwenzao ikifika, kila mwanamke aje na bati moja kichwani. Lake mwenyewe, alilolitafuta mwenyewe. Na kwa sababu wanawake wanajuana, walikubaliana kila mmoja akwaruze alama yake kwa msumari kwenye pembe ya bati, ili lijulikane limetoka kwa nani na asiwepo wa kuleta lililooza.

Nilikuwa msichana mkubwa zamu ya mama ilipofika. Matofali tulikuwa tumeyafyatua na kuyachoma sisi wenyewe, maji tukiyatoa kwenye shimo la mchanga, usiniulize ni mitungi mingapi. Kuta zilikuwa zimesimama wazi, zinangoja. Asubuhi nikasikia nyimbo. Nikatoka. Wanawake wanashuka mlimani kwa mstari, kila mmoja na bati kichwani, jua linapiga juu yao hata huwezi kuwatazama vizuri. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno, akasema, "Ngai, Mungu wangu, ni yangu hayo?" Kisha akakimbia kuwapokea kama msichana.

Mbele yao alikuwa rafiki yake, yule tuliyemwita mama wa ng'ambo kwa sababu boma lake liko ng'ambo ya korongo, ukisimama kwetu unaona moshi wake. Alama yake ilikuwa mwezi mchanga. Ya mama ilikuwa jembe, mstari mrefu na mwingine mfupi juu yake. Kwenye paa letu hapakuwa na jembe hata moja, kwa sababu mtu hajiletei bati mwenyewe. Majembe ya mama yalikuwa kwenye mapaa ya wenzake, kila nyumba moja.

Paa lilipokwisha, likafungwa gata, mfereji wa kukinga maji ukingoni, na gata likaingia kwenye tangi la saruji ambalo wanawake hao hao walilijenga. Na hapo walikuwa na desturi yao. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, ile ya kwanza inaachwa ioshe paa na kuondoka na vumbi. Ya pili ikijaza tangi, wote walioleta mabati wanakuja na mitungi, kila mmoja anachota mtungi mmoja kutoka kwenye tangi hilo, kabla ya mwenye nyumba. Waliyaita maji ya bati. Walizunguka nyumba hadi nyumba, wakicheka, wakionja, huyu akisema maji ya kwako yana ladha ya popo, yule akisema ya kwako yana ladha ya uchoyo. Kiangazi kikikaza na tangi la mmoja likakauka, aliweza kwenda kwa mwenzake bila kuinamisha kichwa. Paa ni lake pia, si ana bati juu?

Hiyo ndiyo nyumba ambayo karatasi ya mtoto inaiita nusu ya kudumu. Nusu! Haki, ningempata huyo aliyeichora.

Mimi niliolewa upande wa Makueni, na sasa nakaa Mukuyuni, kwenye ploti. Hiyo nayo ni aina ya nyumba ambayo karatasi imeisahau: vyumba vinatazamana, mlango kwa mlango, bomba moja uani, na jirani akikaanga kitunguu wewe ndiye unayekohoa. Sijivuni nayo. Lakini nikichoka nilikuwa najua kuna tangi lililojaa kwa mama, kuna kiti chini ya ukingo wa paa, na mvua ikinyesha pale hamwezi kuongea kwa kelele za mabati, mnanyamaza tu mkitazamana na kutabasamu.

Kaka yangu, mkubwa wetu, yuko Nairobi. Amefanikiwa, simnyimi hilo. Binti yake alipopata mchumba, mtu wa Matiliku, ikawa wakwe watakuja kwetu kwa ntheo, ile siku ya kuleta mbuzi za kuanzia posa. Kaka akaja nyumbani mapema, akasimama uani, akaitazama nyumba ya mama kama mtu aliyeona kitu kibaya kwenye kiatu chake.

"Mwaitu, hapa siwezi kuleta watu," akamwambia. Mwaitu ndiko kusema "mama yangu" kwa Kikamba. "Nitakujengea nyumba ya maana."

Mama akafurahi. Nani hafurahi mtoto akimwambia hivyo? Kanisani walimpigia makofi. Kisha kaka akatoa simu akamwonyesha picha. Nilikuwepo, nimekuja kumsalimia. Ilikuwa moja ya zile nyumba za siku hizi, rangi ya kijivu, kuta zimepanda juu zikapita paa, kwa hiyo ukiitazama unaona boksi tu. Paa limefichwa ndani.

Mama aliishika simu mbali, akaileta karibu. "Hii imevaa nini kichwani?"

"Paa iko ndani, mwaitu. Imefichwa. Ndio staili."

"Imefichwa kwa nini? Imeiba?"

Nilicheka. Kaka hakucheka. Mama akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, "Na maji yatashukia wapi?"

"Maji ni kitu kidogo. Tutachimba kisima. Wacha kujisumbua na maneno ya zamani."

Nikamwambia, "Jenga hiyo yako pale juu kwa shamba, mwachie mama nyumba yake." Shamba lipo, pana nafasi ya nyumba tano. Akasema hapana, pale pa mama ndipo panaonekana kutoka barabarani, na ukiweka mpya halafu nyuma yake pakaonekana ile ya matofali, picha zitaharibika. Picha! Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki hapa. Mama akaninyamazisha. Kwetu mama hamkatazi mwanawe wa kiume kujenga. Atasemwa kwamba anamlaani.

Alichoomba ni kimoja tu. Mabati yake yashushwe taratibu, yaezeke jiko jipya, na tangi liachwe. "Hayo mabati si yangu peke yangu," akamwambia kaka. "Ni ya watu." Kaka akasema, "Sawa, sawa, mabati iko salama." Mama akazunguka kwa wenzake, mmoja mmoja, kuwajulisha kwamba paa lao linahamia jikoni. Aliona ni lazima. Wakamwambia hakuna shida, mama wa mjengo, sasa utatusahau.

Nilirudi Mukuyuni. Na hapa ndipo sijawahi kumsamehe kaka yangu, na sijui nitaanza lini. Mabati yalishushwa kwa mtaimbo. Mengine yakazungushwa kwa kiwanja kuwa ua wa mjengo, yakapigwa misumari popote. Tangi liligongwa na lori la kokoto likirudi nyuma, na kwa vile lilikuwa limeshapasuka, kaka akaamuru libomolewe kabisa. Choo cha shimo kikafukiwa, eti wageni watasikia harufu, na ndani kuna vyoo vya kisasa. Mjengo ulipokwisha, mwenye kandarasi akayabeba mabati yote kwa pikapu, akayauza. Mama aliuliza kwa simu. Kaka akamwambia, "Yalikuwa na kutu, mwaitu. Utapata mengine mapya, ya rangi." Hayo mengine bado tunayangoja.

Niliyaona mimi. Nilipokuja tena kwa mama nilishuka sokoni Zombe siku ya soko, nikapita nyuma ya maduka kutafuta njia isiyo na matope, nikakuta banda la kuku. Limejengwa kwa mabati makuukuu. Kwenye pembe ya moja nikaona mwezi mchanga. Nikasimama. Nikatafuta nikaona nyota, nikaona msalaba, nikaona ule mviringo wa mama mmoja ambaye ameshakufa. Nililia pale kama mjinga, na mwenye kuku akatoka kuniuliza kama nataka mayai.

Nyumba ilifunguliwa kwa maombi. Mchungaji alipita chumba kwa chumba na chupa ya mafuta. Vigae vinang'aa, taa ya kuning'inia inayumba, viti vimefunikwa nailoni, na mama amevaa viatu vya kubana anatembea pembeni mwa ukuta ili asichafue. Watu walikula, wakasifu, wakapiga picha. Kaka akafunga vyumba vya juu, akaenda na funguo Nairobi. Mama akaachiwa chumba cha chini, na jiko la ndani lenye gesi ambayo anaiogopa.

Sasa nisikilize. Nyumba ile inataka maji. Vigae vinaoshwa kila siku kwa sababu vumbi letu ni jekundu na halina adabu. Choo kinataka ndoo nzima kila mtu akitoka. Na haitoi hata tone, maana paa limefichwa, halina ukingo wala gata, na maji yote yanakusanyika huko juu na kutokea kwenye bomba moja nyuma, yanaangukia mawe na kuteremka korongoni. Kisima kilichimbwa, kikatoa maji ya chumvi ambayo hata mbuzi waliyanusa wakaenda zao. Kwa hiyo mama yangu, na magoti yake yale, alirudi kwenye shimo la mchanga alilolikimbia alipopata mabati. Alikuwa anachimba, anangoja, anachota, anabeba mgongoni, anapanda mlima, anafika, anayamwaga chooni.

Nilimpigia kaka simu. "Weka gata," nikamwambia. "Tafuta fundi atoe hayo maji mbele."

"Ukigusa huo ukuta itavuja, na itaharibu sura. Nitaleta lori la maji."

"Lini?"

"Wewe nawe, kila siku ni lawama. Wewe umemjengea nini?"

Hapo alinimaliza. Sijamjengea kitu, ni kweli. Na sijambomolea kitu pia.

Mvua zilipofika mwisho wa mwaka nilikuwa nyumbani, nimekuja kumsaidia kupanda. Ya kwanza ikanyesha, ikapita. Ya pili ikaja na ngurumo tangu asubuhi, ya kweli. Na ilipopungua nikaona watu getini. Wanawake wa mwethya, wale waliobaki, wazee sasa, wamejifunika nailoni vichwani, kila mmoja na mtungi wake. Wamekuja kuchukua maji ya bati. Wao walikuwa wanajua paa lao liko jikoni, huko nyuma ambako siku ya maombi hawakufikishwa. Mama hakuwa ameweza kuwaambia.

Nilimtazama. Alikuwa ametoka nje na beseni, sufuria na ndoo, amevipanga kwa mstari chini ya lile bomba la nyuma, analowa mwili mzima. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai, yananuka lami, kwa sababu huko juu wamepaka lami isivuje. Akayaonja, akatema. Akajaza kikombe tena, akangoja yasafike, akaonja, akatema. Wenzake wamesimama wanamtazama. Mvua inaanguka kila mahali, korongo linanguruma, na mama yangu hana mtungi mmoja wa kumpa mtu.

"Mabati yenu nimeyapoteza," akawaambia. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa leso.

Mama wa ng'ambo aliweka mtungi wake chini. Huyu ni mwanamke mkali, mdomo wake unajulikana hadi Zombe, nikangoja amtukane kaka, nimsaidie. Badala yake alienda kwa mama akamshika mkono akamwinua. "Twende kwangu ubadilishe nguo," akasema. "Hapa utashikwa na baridi, na hakuna hata moto."

Mama alikwenda kubadilisha nguo, na hakurudi. Siku iliyofuata nilivuka korongo na vitu vyake kwa kiondo. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda katika chumba cha nyuma, nyumba ya matofali iliyo sawa kabisa na ile yetu. Nje gata linatiririka, tangi linajaa. Nikamwuliza kama atakaa kwa watu mpaka lini, maana najua watu wanavyosema. Akanyoosha kidole juu. Pembeni mwa bati lililo juu ya kitanda, alama ya jembe, mstari mrefu na mwingine mfupi.

"Niko kwangu," akasema.

Kaka alikuja kwa hasira, na gari. Alisimama mlangoni kwa mama wa ng'ambo bila kuingia, akisema anaaibishwa, kwamba watu watasema amemtupa mamake na hali amemjengea jumba. "Rudi nyumbani, mwaitu."

"Nyumba yangu uliipeleka Zombe," mama akamjibu. "Wanakaa kuku humo. Nenda uwaombe watoke."

Hakupaza sauti; habari ya lile banda nilikuwa nimempa mimi. Kaka akanigeukia mimi, maana hakuna wa kumlaumu ila mimi, akasema nimemjaza mama maneno. Nilimwambia mama yangu si ndoo, hajazwi.

Lakini siku ya ntheo mama alikubali kuja. Alisema mjukuu wake hajamkosea mtu. Alivuka asubuhi, amevaa leso mpya, akakaa kwenye kile kiti cha nailoni, na wageni wakafika kutoka Matiliku na nyimbo zao. Watu wazuri, wakulima, wenye heshima. Walileta mbuzi watatu kama inavyotakiwa. Walileta blanketi la susu, wakamfunika mabegani, akashukuru. Halafu msemaji wao, mzee mmoja mcheshi, akasema, "Na sasa tumeleta kile ambacho susu wa Ukambani hawezi kukikataa."

Vijana wakatoka nje, wakashusha kutoka kwenye lori tangi jeusi la plastiki, kubwa, limefungwa utepe mwekundu. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, ulimi ulinitangulia akili.

"Tuliweke wapi?" vijana wakauliza.

Wakalibingirisha kwenda upande wa kulia wa nyumba, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya, wakitafuta gata. Hakuna. Wakaenda upande wa kushoto. Wakazunguka nyuma, wakakuta lile bomba linalonuka lami. Tuliwasikia wakiongea wao kwa wao. Wakatokea mbele tena, wanalisukuma taratibu, wanaangalia juu ya kuta, wanaangaliana. Vigelegele vilikuwa vimekatika zamani. Yule mzee naye akainuka, akatoka, akarudisha kichwa nyuma kuitazama nyumba, kofia ikataka kumwanguka.

"Paa la hapa liko wapi?" akauliza. Aliuliza kwa nia njema kabisa.

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka shangazi mmoja akanifinya, na machozi yakanitoka, na sikujua tena ni ya nini. Kaka akasema kwa haraka, "Wekeni hapo tu, mafundi watakuja kumalizia."

Lakini zawadi haikuwa yake, na mzee alijua hivyo. Akamgeukia mama kwa heshima, akainama kidogo. "Susu, hili ni lako. Wewe ndiwe wa kutuambia."

Mama aliinuka na blanketi lake. Alitoka hadi kwenye ngazi, akawatazama wale vijana walioloa jasho, akalitazama tangi, akazitazama zile kuta za kijivu kutoka chini hadi juu.

"Wekeni popote, wanangu," akasema. "Hata hapo mliposimama. Halitajaa."

Kisha akamshukuru kila mmoja kwa mkono, akaomba fimbo yake, nikamvusha korongo.

Ndoa ilipita salama. Nilimwomba kaka tulipeleke tangi ng'ambo, akasema zawadi iliyoletwa kwa boma haitoki kwa boma, na wakwe wakipita barabarani watauliza. Kwa hiyo liko pale mbele ya nyumba, utepe bado uko juu yake, umefifia ukawa wa waridi. Mtoto wangu nilimwambia achore nyumba ya mama wa ng'ambo. Akaniuliza aandike ni ya muda au ya kudumu, nikamwambia aache wazi. Mvua za juzi zilinyesha usiku na mchana, na maji ya nyumba ya kaka yalitokea nyuma kama kawaida yakashuka korongoni. Mama analala upande ule wa korongo, kwa hiyo anayasikia yakipita.